Ukoo wa Kunde: Ndugu wa Shambani na Ndugu wa Porini

Ndugu msomaji, jioni ya leo mtakapoketi kula, itazame vizuri sahani ya maharagwe iliyo katikati yenu. Kisha kitazame kiti cha mninga unachokalia. Kesho ukienda sokoni, utazame mkwaju ulio kando ya njia, na mgunga wenye miiba mirefu ambao mbuzi hupumzika chini yake. Je, mtu akikuambia kwamba mimea hiyo yote ni ya ukoo mmoja, utasadiki? Haragwe na mninga! Haragwe huchipua, huzaa na kufa katika miezi mitatu. Mninga huishi kuliko mtu aliyeuona ukichipua. Hata hivyo ni ndugu kweli, na alama ya undugu wao unaweza kuiona kwa macho yako mwenyewe.

Huenda utasema: “Vema, lakini undugu wa mimea utanifaa nini mimi mwenye jembe?” Utakufaa sana. Fikiri juu ya mkulima aliyesikia kwamba miti ya ukoo wa kunde hurutubisha ardhi. Akapanda mijohoro katikati ya shamba lake, maana aliambiwa kwamba mjohoro nao ni wa ukoo huo. Akangoja mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mahindi yakabaki manjano vile vile. Aliyemwambia hakusema uongo: mjohoro ni wa ukoo wa kunde. Lakini hakumwambia mjohoro ni wa nyumba gani katika ukoo huo. Na katika ukoo mkubwa, kama ujuavyo, kila nyumba ina tabia yake.

Basi leo tuujue ukoo huu, ulikotoka na nyumba zake.

GANDA NDILO KITAMBULISHO

Mabingwa wa elimu ya mimea huuita ukoo huu jamii ya mikunde. Ni mkubwa ajabu. Una aina karibu 20,000 duniani, na ni jamii mbili tu za mimea yenye maua zinazoushinda kwa wingi wa aina: jamii ya alizeti na jamii ya okidi. Wamo humo mimea midogo itambaayo, kamba za msituni na miti mirefu yenye mbao ngumu.

Utawatambuaje? Kwa ganda lenye mbegu. Chukua ganda bichi la kunde, ulifungue polepole kwa kidole. Utaona pande mbili, na mbegu zote zimeshikwa kwenye mshono mmoja tu. Tazama zaidi: mbegu ya kwanza imeshikwa na upande wa kushoto, ya pili upande wa kulia, ya tatu kushoto tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ndivyo alivyo ndugu halisi.

Lakini angalia, usidanganywe na urefu wa ganda. Mlonge una maganda marefu, na watu wengi hudhani ni wa ukoo huu. Ngoja ganda la mlonge likauke: litapasuka pande tatu, si mbili. Mlonge si ndugu. Bamia nayo ina pande tano. Nayo si ndugu.

Kwa upande mwingine, wako ndugu waliobadilisha sura ya ganda hata ni vigumu kuwatambua. Ganda la mninga ni la mviringo kama kisahani, lina miiba katikati, na pembeni lina bawa jembamba ili upepo ulichukue. Ganda la mbambakofi ni gumu kama ubao, na ndani yake mna mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu. Ganda la mkwaju limejaa ukwaju mchachu, ili wanyama wale na kuzipeleka mbegu mbali. Na karanga je? Ua lake hutoka juu ya ardhi kama maua mengine. Likiisha kunyauka, hutoa kikonyo kinachoinama, kikachoma udongo, na ganda likakua gizani. Ganda ni lile lile; kila mmoja amelishona nguo yake kwa kadiri ya mahali anapoishi.

UKOO ULITOKA WAPI?

Yapata miaka milioni 66 iliyopita jiwe kubwa sana lilianguka kutoka angani, mahali ambapo leo ni nchi ya Mexico. Vumbi na moshi vilifunika jua. Wanyama wengi walikufa, pamoja na wale mijusi wakubwa waitwao dinosaria. Misitu nayo iliharibika. Baadaye mimea ilipoanza kurudi, mikunde ilikuwa miongoni mwao.

Tunajuaje? Kwa mawe. Jani au ganda likifunikwa na matope laini mahali pasipo hewa, kwa muda mrefu sana laweza kuacha alama yake ndani ya jiwe. Mawe ya namna hiyo huitwa visukuku. Mwaka 2019 mabingwa walitoa habari za visukuku vya maganda ya mikunde vilivyopatikana Corral Bluffs, katika jimbo la Colorado, Marekani. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni 65. Maana yake ni kwamba baada ya msiba ule mkubwa haukupita muda mrefu, kwa hesabu ya mawe, mikunde ikawa imekwisha simama. Na inaonekana kwamba nyumba kubwa za ukoo ziligawanyika upesi katika siku hizo za mwanzo.

Nasi Tanzania tunayo hazina yetu. Katika mkoa wa Singida kuna mahali paitwapo Mahenge. Siyo Mahenge ya Ulanga. Hii ni nyingine. Zamani za kale palikuwa na ziwa dogo ndani ya shimo lililofanywa na mlipuko wa volkano. Matope ya ziwa hilo yalifunika samaki, chura, hata popo, na majani ya miti iliyokuwa ukingoni, yakawa mawe. Umri wake ni yapata miaka milioni 46. Mwaka 2000 mabingwa Patrick Herendeen na Bonnie Jacobs waliandika habari za jani moja la mikunde kutoka mawe hayo, lenye vijani viwili vilivyokaa pamoja kama pacha. Wakalipa jina la heshima kwa mkoa wenyewe: Aphanocalyx singidaensis. Nalo ni la jamaa wa karibu wa miombo. Basi wewe unayepita katika miombo kutafuta asali au kuni, ujue kwamba jamaa za miti hiyo wamekaa katika nchi hii kabla ya mlima Kilimanjaro kuwapo.

NAMNA WATOTO WANAVYOACHANA NA BABU

Utauliza: ikiwa babu alikuwa mmoja, imekuwaje wajukuu wasifanane? Jibu unalo ghalani mwako.

Kunde za porini bado ziko Afrika. Ganda lake likikauka, hujipinda ghafula na kupasuka, mbegu zikaruka mbali. Kwa mmea wa porini hiyo ni faida. Kwa mtu mwenye kikapu ni hasara. Bibi zetu wa kale walichuma yale maganda yaliyochelewa kupasuka, maana ndiyo yaliyobaki na mbegu. Mwaka uliofuata wakapanda mbegu hizo. Wakachuma tena, wakapanda tena. Vizazi vingi vikapita, na kunde za shambani zikawa na maganda yanayongoja mvunaji, tena mbegu zake zikawa kubwa. Huko Ghana zimepatikana kunde za kale zenye umri wa miaka zaidi ya 3,500. Basi kunde ni mali ya Afrika, na njugu mawe vile vile.

Porini hakuna mkono wa bibi, lakini kuna ukame, moto, wadudu na wanyama walao majani. Mmea ambao kwa bahati ya kuzaliwa una miiba mirefu kidogo au mizizi mirefu kidogo, huo ndio unaopona na kuzaa. Badiliko dogo juu ya badiliko dogo, kwa mamilioni ya miaka, na wajukuu wakaachana. Hayo ndiyo mabingwa wanayoyaita mageuko ya viumbe.

Nyakati nyingine badiliko huja kwa ndoa. Karanga ilizaliwa hivyo huko Amerika ya Kusini, yapata miaka 10,000 iliyopita. Mimea miwili ya porini, jamaa lakini si aina moja, ilichanganya mbegu. Mtoto akashika urithi wote wa baba pamoja na urithi wote wa mama, ndiyo maana karanga ina nyuzi za urithi 40, na kila mzazi ana 20 tu. Wareno wakaileta karanga Afrika, nayo ikaota kana kwamba ni mwenyeji.

Na elimu yenyewe ya urithi ilianzia katika ukoo huu. Padre Gregor Mendel, mmonaki wa shirika la Mt. Augustino katika mji wa Brno, alipanda njegere katika bustani ya monasteri tangu mwaka 1856 mpaka 1863. Alioanisha njegere za maua ya zambarau na za maua meupe. Watoto wote wakawa na maua ya zambarau. Lakini wajukuu! Akahesabu mmoja mmoja: 705 wa zambarau, 224 weupe. Karibu watatu kwa mmoja. Weupe haukupotea, ulikuwa umejificha tu. Aliandika habari hizo mwaka 1866, watu wakazipuuza mpaka mwaka 1900, yeye akiwa amekwisha kufa.

WALIOPANGA UKOO

Kuwapanga ndugu hawa katika nyumba zao halikuwa jambo rahisi. Mwitalia mmoja, Andrea Cesalpino, mganga wa Papa Klementi wa Nane, alitoa kitabu mwaka 1583 akisema mimea ipangwe kwa kufuata matunda na mbegu zake, wala si kwa kufuata dawa zinazotengenezwa kwayo. Alikuwa na akili, maana mpaka leo ganda ndilo tunalolitazama kwanza.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi alianza desturi ya kuupa kila mmea majina mawili ya Kilatini, jina la mlango na jina lake mwenyewe. Lakini katika kupanga alihesabu nyuzi za kiume zilizo ndani ya ua, na kwa hesabu hiyo akawatawanya mikunde mbali mbali. Mfaransa Antoine Laurent de Jussieu akawarudisha pamoja mwaka 1789. Tangu hapo, kwa muda mrefu, watu walisema ukoo una nyumba tatu, wakizipanga kwa sura ya maua.

Siku hizi mabingwa husoma urithi ulio ndani ya chembe za mmea, kama mtu asomavyo kitabu cha ubatizo kujua nani ni mtoto wa nani. Mwaka 2017 kundi la mabingwa kutoka nchi nyingi lilikwisha kupima aina karibu 3,700, wakatangaza kwamba nyumba si tatu, bali sita.

NYUMBA SITA

Nyumba ya kwanza ni ya kipepeo. Ndiyo kubwa kuliko zote. Imeitwa hivyo kwa sababu ya ua lake. Chukua ua la kunde: kijani kimoja kikubwa kimesimama nyuma kama bendera, viwili vimekaa kando kama mabawa, na viwili vya chini vimeshikana kama mtumbwi. Humo wamo karibu mikunde yote tunayokula: kunde, maharagwe, mbaazi, choroko, dengu, njegere, soya, karanga na njugu mawe. Humo pia wamo mninga na mpingo.

Nyumba ya pili inabeba jina la yule mganga Cesalpino. Ina migunga, mikenge, mlusina, mkrismasi wenye maua mekundu uliotoka Bukini, mjohoro uliotoka Asia, na kifauongo, yule mdogo anayefunga majani ukimgusa. Zamani migunga ilikuwa na nyumba yake yenyewe. Usomaji wa urithi ulionyesha kwamba ni tawi la nyumba hii. Hata jina la Kilatini wamelikosa. Duniani kote iliitwa Acacia. Lakini ilipoonekana kwamba Acacia za Australia na za Afrika si mlango mmoja, mkutano wa Vienna mwaka 2005 uliwaachia Waaustralia jina hilo, na mkutano wa Melbourne mwaka 2011 ukathibitisha. Migunga yetu sasa ni Vachellia na Senegalia. Kwa Kiswahili haukupotea hata mwiba mmoja: mgunga ni mgunga.

Nyumba ya tatu ni ya miombo na mkwaju, pamoja na mbambakofi. Mkwaju umeonewa na majina. Waarabu waliuita tende ya Uhindi, na Linnaeus naye akauandika kuwa wa Uhindi. Kumbe asili yake ni Afrika.

Nyumba ya nne ni ya miti yenye jani lililopasuka kama kwato la ng’ombe. Porini kwetu uko mmoja ambao wengine huuita msegese. Linnaeus alitumia jina la ndugu wawili, Johann na Gaspard Bauhin, kwa miti ya namna hii, kwa kuwa jani lake ni kama ndugu wawili walioshikana.

Nyumba ya tano ni ndogo. Wachache wa nyumba hiyo wako katika misitu ya pwani yetu. Ya sita ni nyumba ya mtu mmoja: ina aina moja tu ya mmea duniani, nao huota katika misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati.

HAZINA ILIYO MIZIZINI

Sasa tumrudie yule mkulima na mijohoro yake.

Mimea yote inahitaji nitrojeni ili iwe na majani mabichi na mbegu nzuri. Hewa tunayovuta ina nitrojeni 78 katika kila 100, lakini mmea hauwezi kuichukua hivi hivi. Ni kama mtu mwenye njaa amesimama nje ya ghala lililofungwa. Ufunguo wanao vijidudu vidogo vya udongoni viitwavyo bakteria. Mwaka 1886 Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walieleza siri hiyo: vijidudu huingia katika mizizi ya mikunde, hukaa katika vifundo vidogo, na kuigeuza nitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Mmea nao huvilipa sukari. Hakuna anayemnyonya mwenzake.

Jambo hili ujionee. Kunde zako zikianza kutoa maua, chimba mche mmoja kwa jembe. Usiung’oe kwa mkono, vifundo vitakatikia udongoni. Osha mizizi polepole, utaona vifundo kama punje za mtama, vimekaa kando ya mzizi, navyo hutoka kwa urahisi. Kipasue kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu kama nyama, kinafanya kazi. Wekundu huo ni wa jamaa ya kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi kazi, au kimekwisha kuchoka. Na ikiwa mzizi wenyewe umevimba, na uvimbe hautoki bila kuuvunja mzizi, hiyo si hazina: ni ugonjwa wa minyoo ya mizizi.

Je, nyumba zote sita zina vifundo? Hapana. Karibu wote wa nyumba ya kipepeo wanavyo. Katika nyumba ya Cesalpino, migunga, mikenge na mlusina wanavyo. Mkrismasi na mjohoro hawana. Katika nyumba nyingine nne hakuna vifundo kabisa. Mabingwa wanaona kwamba katika historia ya mimea wako waliokuwa na urithi huu wakaupoteza.

Basi mjohoro ni mti mzuri kwa kuni, nguzo na kivuli, lakini usiutegemee kuleta mbolea ya hewani. Ukitaka mti wa kurutubisha shamba, tafuta wenye vifundo. Malawi na Zambia wakulima huacha mashambani aina moja ya mgunga yenye tabia ya ajabu: hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua wakati wa kiangazi. Hivyo hauyanyimi mahindi jua, majani yake huwa mbolea, na maganda yake ni chakula cha mifugo.

Usidhani hata hivyo kwamba miombo ni masikini. Hiyo imefanya urafiki wa namna nyingine: mizizi yake imeshikana na kuvu zinazoisaidia kupata chakula katika udongo hafifu. Uyoga mwingi unaochumwa miomboni mvua zinapoanza ni matunda ya urafiki huo. Ukiimaliza miombo, uyoga huo nao umeupoteza.

SI KILA NDUGU NI CHAKULA

Hapa wazazi mtusikilize vizuri. Undugu wa mimea si ruhusa ya kula. Ukoo unaotulisha una sumu pia, maana mmea usio na miguu ya kukimbia hujilinda kwa njia nyingine.

Kuna mmea utambaao uitwao mtipitipi au mturituri. Mbegu zake ni nzuri sana, nyekundu zenye jicho jeusi. Katika nchi nyingi watu huzitunga kuwa shanga, hata rozari, na jina lake la Kilatini lina maana ya sala. Lakini ndani yake mna sumu kali mno. Mbegu moja iliyotafunwa yaweza kumwua mtoto. Ngozi ngumu ya mbegu huizuia sumu, lakini mbegu iliyotobolewa ili itungwe uzi imekwisha kufunguliwa mlango. Kama zimo nyumbani mwako, mtoto asizichezee.

Mtupa hurutubisha shamba, lakini majani yake ni sumu ya samaki. Anayeyatia mtoni huua wakubwa pamoja na vifaranga, na kesho hana cha kuvua. Upupu huwasha, kila mtoto wa shule anajua. Hata maharagwe mekundu yakiliwa bila kuiva huleta kutapika na kuhara. Yaloweke usiku, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa moto mkali mpaka yaive kabisa.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, usipande mahindi mwaka baada ya mwaka mahali pale pale. Yabadilishe na kunde, karanga au mbaazi, au uyachanganye nazo. Kunde, karanga na mbaazi hupatana kwa urahisi na vijidudu vya udongo wetu. Soya huchagua zaidi. Shamba lisilowahi kupandwa soya mara nyingi huhitaji kuchanganyiwa vijidudu vyake pamoja na mbegu. Maharagwe huleta nitrojeni kidogo kuliko kunde, basi usiyatupie kazi yote.

Pili, ukivuna, kata shina na uiache mizizi udongoni. Majani na mabua usiyachome, yarudishe shambani. Anayebeba kila kitu nyumbani amebeba na mbolea.

Tatu, shamba lililochoka kabisa lipumzishe kwa marejea, nao ni mmea wa nyumba ya kipepeo. Katika miaka ya 1980 wamonaki wa Mt. Benedikto wa Peramiho, karibu na Songea, waliwahimiza sana wakulima kuupanda kwa kazi hiyo.

Nne, wakumbuke ndugu wa porini. Mpingo hupita miaka 70 kabla ya kufaa kukatwa, na ukataji ulizidi hata mataifa yakakutana. Mwaka 2016 huko Johannesburg waliuweka mpingo na jamaa zake wote katika orodha ya miti ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi lazima iwe na kibali. Mwaka 2022 huko Panama wakaongeza mininga na mibambakofi ya Afrika. Lakini kibali hakioti. Anayekata mninga leo bila kuacha mche, amekata kitanda cha mjukuu wake.

Tano, wafundisheni watoto. Jumamosi moja waambieni wakusanye maganda ya namna mbali mbali, kutoka shambani, njiani na porini, isipokuwa ya upupu na mtipitipi. Wayafungue, watazame mbegu zimeshikwa wapi, kisha waseme nani ni ndugu na nani ni mgeni. Atakayeleta ganda la mlonge na kusema si la ukoo huu, huyo amekwisha kuelewa.